Lita 510 kwa siku: shule ndogo ya msingi Dodoma inavyosubiri mvua ya kwanza

Kati ya Septemba na mwanzo wa Desemba shule ndogo ya msingi huku Dodoma hupita kwenye kipindi kigumu kuliko vyote vya mwaka. Baridi imekwisha, mvua bado. Mibuyu inatoa majani mapya bila kungoja tone, upepo wa mashariki unasukuma vumbi tangu asubuhi, lambo limebaki tope, na foleni ya kisimani inaanza gizani. Mvua zetu ni za msimu mmoja tu, kwa kawaida kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka. Ikifika Oktoba, ardhi ina karibu miezi 6 haijalowa.

Kwenye vikao vya kamati za shule miezi hii utasikia malalamiko yaleyale: utoro umezidi, watoto wana macho mekundu, chakula kinachelewa, madarasa yana vumbi, miche imekauka. Kila jambo hupewa ajenda yake na mjumbe wake. Mimi naona ajenda ni moja, maji, na mengine yote yanafuata nyuma yake. Ratiba iliyobandikwa ukutani ofisini inasema kengele ya kwanza inagongwa saa 1:30, lakini siku ya shule inaanzia kisimani saa 11 alfajiri, na ndiko inakoharibikia.

Kwa hiyo tuhesabu lita. Chukua shule ya mfano: wanafunzi 240 kuanzia awali hadi darasa la saba, walimu 6, mapipa 3 ya lita 200, tangi moja la plastiki la lita 5,000 ambalo liliisha tangu Juni. Awali hadi la pili wako 80, la tatu na la nne 70, la tano na la sita 60, la saba 30. Bomba la kijiji halifiki shuleni. Maji yanakuja kwa vidumu mikononi mwa watoto.

Utaratibu unaofaa ni huu: awali hadi la pili wasibebe kitu. La tatu na la nne wabebe lita 3. La tano hadi la saba lita 5. Mtoto wa miaka 9 ukimpa kidumu cha lita 5 atakifikisha, ila atachelewa, atamwaga nusu njiani, na kesho ataona heri abaki nyumbani. Hapo Septemba mwanzoni unapata lita 210 kutoka la tatu na la nne, na lita 450 kutoka madarasa ya juu. Jumla 660.

Halafu inafika wiki ya mtihani wa darasa la saba, siku mbili mwezi Septemba, na wanafunzi 30 wenye mikono yenye nguvu wanaondoka. Kila mtu anakumbuka kwamba wameondoka viranja, mgonga kengele na wapiga ngoma wa paredi. Wachache wanakumbuka kwamba zimeondoka lita 150 kwa siku. Kuanzia Jumatatu inayofuata shule ina watoto 210 na lita 510, wakati jua ndiyo linazidi kuwa kali. Ukiona shule ambayo mambo yanaanza kuharibika wiki ya mwisho ya Septemba, usitafute mchawi.

(Mwaka 2027 itakuwa zaidi ya hapo. Kwa mtaala mpya ulioanza 2024, ambao elimu ya msingi inaishia darasa la sita, darasa la saba la mwisho na darasa la sita la kwanza watamaliza mwaka huo mmoja. Shule yetu ya mfano itabaki na watoto 180 na lita 360 tu. Ni vizuri kamati ianze kulifikiria sasa.)

Kabla ya kugawa, lazima uweze kupima. Pipa la lita 200 linapimwa kwa fimbo. Tafuta fimbo iliyonyooka yenye urefu wa mita 1, mimina ndoo ya lita 20, ichovye mpaka chini, chora mkato kwa kisu pale maji yalipofika. Mimina ndoo ya pili, chora tena, mpaka mikato 10. Usigawanye urefu wa pipa kwa rula, maana mapipa mengi yamebonyea chini. Fimbo inakaa jikoni, na anayesoma ni mpishi pamoja na mwalimu wa zamu, kila siku baada ya paredi.

"Mama, shikamoo. Maji yamefika wapi leo?"

"Marahaba, mwalimu. Pipa la kwanza limejaa, la pili alama ya tisa, la tatu alama ya sita. Ya jikoni yapo. Ya miti leo msiniulize."

Lita 200, 180 na 120 ni 500. Mwalimu anaandika kwenye daftari la kawaida la kaunta, tarehe na lita, basi. Baada ya wiki mbili daftari hilo litakuambia mambo ambayo rejista ya mahudhurio haisemi: siku gani maji yanapungua, na mara nyingi ni siku ya mnada au siku pampu ya kisima imeharibika, na ndiyo siku hiyohiyo wasichana wa la tano na la sita hawapo.

Mgawanyo ninaoupendekeza kwa lita 510 na watoto 210: jikoni 170, kunywa 105 (nusu lita kila mtoto), kunawa mikono na nyuso 105, vyoo 70, kunyunyizia madarasa kabla ya kufagia 40, zinabaki 20. Shirika la Afya Duniani linataka lita 5 kwa kila mtu kwa siku katika shule ya kutwa, yaani hapa zaidi ya lita 1,000. Tuna nusu. Kwa hiyo kila fungu lina mlinzi wake na halikopeshi jirani. Fungu linalokopwa kwanza huwa ni la kunawa, kwa sababu mtoto asiyenawa halalamiki.

Usafi wa asubuhi

Vumbi la Oktoba ni jekundu na jepesi, na ukifagia kavu unalihamisha kutoka sakafuni kwenda mapafuni na kwenye madaftari. Kila darasa linatumia lita 4 hadi 5. Madawati yanasogezwa upande mmoja, maji yananyunyizwa kwa mkono kutoka kwenye kopo lenye matundu (kopo la rangi lililotobolewa kwa msumari linafaa), mnasubiri dakika 5, ndipo ufagio wa chelewa unapita kutoka ubaoni kuelekea mlangoni. Wanaomwaga badala ya kunyunyiza wanatengeneza tope, na tope likikauka saa 4 linakuwa vumbi jipya. Sakafu yenye mashimo hula maji mara mbili, kwa hiyo mfuko mmoja wa saruji na ndoo chache za mchanga kuziba mashimo wakati wa likizo ya Juni vinajilipa kabla ya Krismasi.

Ubao unafutwa kwa kitambaa chenye unyevu. Kifutio kikavu kikigongwa ukutani, vumbi lote la chaki linaishia kwa watoto wa dawati la mbele.

Vyoo sitasema mengi. Mwongozo ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Kwa watoto 210 nusu kwa nusu unahitaji matundu 6 ya wasichana na 5 ya wavulana. Majivu ya jikoni yanamwagwa kila siku baada ya usafi. Ndoo moja yenye mfuniko inakaa imejaa kwenye chumba cha kujisitiri cha wasichana, na haiguswi kwa kazi nyingine hata siku ambayo jikoni pamekauka. Ndoo hiyo ikiwa tupu, msichana wa la sita anakosa shule siku 3 au 4 kila mwezi na hakuna atakayekuambia kwa nini.

Kibuyu chirizi, na kwa nini kinakufa mapema

Kila shule imewahi kuwa na vifaa hivi vya kunawia mikono kwa kukanyaga. Nenda baada ya mwezi utakuta nguzo mbili na kamba inayoning'inia. Tatizo huwa kwenye utengenezaji, kwa hiyo nitaeleza polepole.

Unahitaji miti 2 yenye panda, kila mmoja mita 2, miti 2 ya mita 1, kidumu cha lita 5 chenye mpini, kamba, kipande cha sabuni na changarawe. Chimba mashimo mawili ya sentimita 50, yaachane sentimita 70. Simamisha ile yenye panda, shindilia. Kidumu unakitoboa kwa msumari uliopashwa moto, upande wa mbele, sentimita 12 hivi chini ya mfuniko. Tundu likiwa chini mno, maji yanatoka yenyewe. Likiwa juu mno, inabidi kidumu kiinamishwe mpaka karibu kipinduke. Unajaza mpaka usawa wa tundu tu, kwa hiyo kidumu cha lita 5 kinabeba lita 3 hivi, zinazowatosha watoto 30 wakifundishwa kukanyaga na kuachia. Mti wa mita 1 unapita kwenye mpini na kulala juu ya panda. Mti wa mwisho ni wa kukanyagia: kamba inafungwa shingoni mwa kidumu upande mmoja na kwenye ncha ya mti huo upande wa pili, ukiacha ncha iinuke sentimita 15 kutoka ardhini.

Sasa magonjwa yake. Kwanza mchwa. Nguzo ya mti wa kawaida katika udongo wa Dodoma wakati wa kiangazi inaliwa chini kwa chini ukiwa unaitazama. Paka oili chafu ya gari sentimita 60 za chini, acha ikauke siku mbili, ndipo uchimbie, au omba vipande vya bomba la chuma kwa fundi wa kijijini. Pili kamba ya katani inakatika pale inapofungwa kwenye mti wa kukanyagia, kwa sababu ya kusuguana na ardhi. Tumia mpira wa tairi la baiskeli uliokatwa kwa urefu. Tatu sabuni. Ikiachwa wazi kunguru wanaichukua, na mbuzi nao si haba. Itoboe katikati, ining'inize ndani ya chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, mdomo ukitazama juu. Nne, dimbwi chini. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze changarawe, la sivyo nyuki na nyigu watahamia na watoto wa awali hawatakaribia.

Watoto 210 wanahitaji vibuyu 7, na viwili vya wadogo viwe vifupi, nguzo ikatwe ibaki sentimita 90 juu ya ardhi. Watu wanasahau kabisa hili, halafu wanashangaa mtoto wa miaka 5 anamwagikiwa kichwani.

Uso nao unawiwe hapohapo. Trakoma ni ugonjwa wa macho, na ni wa nyumbani kwetu. Wilaya ya Kongwa imekuwa ikifanyiwa utafiti wa ugonjwa huu tangu miaka ya 1980, na kilichoonekana mapema kabisa ni kwamba uso mchafu, makamasi na nzi ndivyo vinavyosafirisha. Wazazi wengi watakuambia hawana maji ya kunawisha uso. Jibu zuri ni zoezi la darasani: weka lita 1 kwenye kidumu, panga watoto mstari, nawisheni uso mmoja mmoja, hesabuni. Mtavuka nyuso 20 maji bado yapo. Fanya zoezi hilo siku ya kikao cha wazazi, uwanjani, mbele yao. Linafanya kazi kuliko hotuba ya mganga wa zahanati.

Jikoni

Chakula cha mchana cha shule ya aina hii ni makande, na saa ya kuiva inaamuliwa na watoto wadogo kabisa. Awali hadi la pili wanaondoka saa 6 mchana. Makande yakiiva saa 7, wale wanaoyahitaji zaidi wameshaenda nyumbani, ambako pengine hakuna kitu mpaka jioni. Basi lengo ni saa 5:45.

Kwa watoto 210 pima gramu 120 za mahindi na 30 za maharage au kunde kwa kila mmoja: mahindi kilo 25, maharage kilo 6 na robo, mafuta lita 1 na kidogo, chumvi nusu kilo, vitunguu kadiri mfuko unavyoruhusu. Debe la mahindi makavu lina kilo 18 hivi, kwa hiyo ni debe 1 na kilo 7. Mwezi wenye siku 20 za masomo unakula gunia 5 za kilo 100.

Mahindi na maharage yanachambuliwa, yanaoshwa, yanalowekwa tangu jana yake jioni, kila kimoja chombo chake. Yakilowekwa kwa muda wa saa 12 nzima, moto ukiwashwa saa 1:30 asubuhi, saa 5:30 yanakuwa laini. Yasipolowekwa hayaivi kabla ya saa 7, na kuni au gesi inaongezeka bila faida. Hapa ndipo hesabu ya maji inawapiga wengi: maji yanayoletwa leo asubuhi ndiyo ya kuloweka chakula cha kesho. Jikoni lazima liwe siku moja mbele. Mkifuja maji ya Ijumaa, Jumapili jioni mpishi hana cha kulowekea, Jumatatu hakuna chakula saa 6, na Jumanne rejista inaonyesha watoto wachache. Pipa la kwanza lifungwe Ijumaa likiwa limejaa, ufunguo wa stoo akae nao mpishi.

Maji yaliyolowekea hayamwagwi ovyo. Yanakwenda kwenye miche pamoja na maji ya kwanza ya kuosha masufuria, kabla ya sabuni. Ni lita 40 hivi kwa siku, ambazo ukiongeza kwenye zile 20 zilizobaki unapata za kutosha miche 30, lita 2 kila mmoja.

Kuhusu kuni: serikali imeziagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Shule nyingi ndogo zimenunua jiko la gesi kubwa moja na bado zina mafiga nyuma ya jengo. Sina ubishi na agizo. Nasema tu kwamba kuloweka ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote ya kupunguza gesi, na haihitaji fundi.

Michango ya chakula. Elimu ya msingi haina ada, ila chakula cha mchana ni makubaliano ya wazazi na kamati. Gramu 120 mara siku 190 za masomo ni karibu kilo 23, yaani debe moja na kilo 5 za mahindi kwa mtoto kwa mwaka, na kilo 6 za maharage. Ukilisema hivyo kwenye kikao, kila mama analielewa. Ukisema "mchango wa chakula" bila kipimo, mnabishana mpaka jioni. Kusanyeni Juni na Julai, wakati uwele, mtama na mahindi vimetoka shambani. Kikao cha kuomba mahindi kinachoitwa Oktoba ni kikao cha kugombana, maana ghala la mwenye nyumba nalo linalia. Asiye na mahindi alete mtama. Mtama unasagwa, unapikwa uji kwa ajili ya awali na la kwanza saa 4.

Mahindi hayo yanakaa stoo miezi mitano, na huko ndiko hatari nyingine iliko. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, na watu walikufa. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Kwa hiyo unapopokea debe la mzazi, pima unyevu kwa chumvi: chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi mpaka theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa juani, funga, tikisa dakika 2 au 3, iache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi ni mabichi, yarudi juani siku mbili juu ya turubai, si juu ya ardhi. Magunia yakae juu ya chaga, yasiguse ukuta, na paa la stoo lisivuje hata tundu la msumari. Siku ya kupika, wachambuzi wawili waondoe punje zenye ukungu, zilizotobolewa na zilizobadilika rangi. Hizo zisipewe kuku wala zisiuzwe kwa wapika pombe. Zifukiwe.

Joto, na vipindi

Novemba bati lisilo na dari linageuza darasa kuwa tanuri ikifika saa 6. Mwalimu wa taaluma mwenye busara anasogeza hisabati na kusoma kwenye vipindi vitatu vya kwanza, na kuacha sanaa, michezo na kazi za mikono kwa baadaye. Vipindi vya la kwanza na la pili ni dakika 30, la tatu kwenda juu dakika 40, na unaweza kuvipanga upya bila kuvunja jumla ya wiki. Darasa la nne wana upimaji wao wa kitaifa mwishoni mwa Oktoba au Novemba, kwa hiyo wapewe chumba chenye ukuta mnene na madirisha ya upande wa mashariki, na kwa siku za upimaji wasibebe maji kabisa. Kwa siku hizo mbili tu ni ruksa kukopa: pengo la lita 105 zao likatwe kwanza kwenye miti na madarasa, hakuna kitakachokufa.

Oktoba ndipo uandikishaji wa awali na la kwanza unapoanza. Weka meza chini ya mti, siku ya mnada au baada ya ibada, na usimrudishe mzazi kwa kukosa cheti cha kuzaliwa. Andika jina, cheti kitafuata.

Miti na shamba

Miche inayopandwa Oktoba kwa picha ya mgeni hufa Novemba. Kama una visiki vilivyo hai kwenye eneo la shule, na karibu kila shule Dodoma inavyo, achana na miche mipya kwa sasa. Fanya Kisiki Hai, njia iliyokwisha kusambaa vijiji vingi huku: chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, kata mengine yote karibu na shina, pogoa matawi ya chini mpaka nusu ya urefu, funga kitambaa cha rangi ili mchungaji aone kwamba mti una mwenyewe. Mizizi iko chini tayari, haiombi hata lita moja. Kazi inayobaki ni kuzuia mbuzi, na hiyo ni kazi ya kuongea na majirani zaidi ya kuweka miiba.

Shamba la shule lichimbwe mashimo ya Chololo, yaliyopewa jina la kijiji kilichopo hapahapa Dodoma. Kila shimo upana sentimita 22, kina sentimita 30, umbali sentimita 60 kati ya shimo na shimo na 90 kati ya mstari na mstari, mistari ikikata mteremko. Udongo unaotoka uwekwe upande wa chini wa shimo ili uwe ukingo. Wanafunzi wengi wanauweka upande wa juu kwa sababu ni rahisi kuutupia huko, na mvua ya kwanza inaurudisha ndani. Weka majivu kidogo kufukuza mchwa, kisha samadi na mabua, ukisubiri mvua upande uwele au mtama. Robo ekari inaingia mashimo 1,870 hivi. Wanafunzi 60 wa la tano na la sita, kila mmoja mashimo 2 kwa kipindi kimoja, wanamaliza kwa vipindi 16. Wape kipimo cha kijiti chenye sentimita 30, maana bila kijiti kila shimo litakuwa na sentimita 12 na mchimbaji ataapa ni 30. Vipindi viwe vya saa 2 asubuhi na viishe hapo. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967 haikusema shamba lile kipindi cha Kiswahili.

Paa, kabla halijachelewa

Mwisho wa Oktoba fundi apande juu. Mvua za kwanza hapa huja na upepo, na bati linalong'oka huanzia kwenye msumari mmoja uliolegea pembeni. Akague misumari ya bati, na mbao za paa, papi na kenchi, zilizoliwa na mchwa, hasa pale kenchi inapokaa ukutani.

Wakati huohuo asafishe gata, mfereji wa maji ya paa. Jengo la madarasa mawili lenye paa la mita 20 kwa 9 ni mita za mraba 180. Kila milimita 1 ya mvua inatoa lita 180, ukitoa kinachopotea unabaki na 144. Mvua moja ya milimita 35 inajaza tangi la lita 5,000. Kwa mwaka mzima paa hilo moja lingeweza kutoa zaidi ya lita 75,000. Kwa hiyo shule inayolia haina maji kiangazi ina paa la kutosha na tangi dogo. Fedha ya mfadhili ikija, nunueni tangi la pili kabla ya kupaka rangi ukuta.

Gata literemke nusu sentimita hadi sentimita 1 kwa kila mita. Likiwa bapa, maji yanasimama na mbu wanazaliana juu ya vichwa vya watoto. Ondoa viota, majani na vinyesi vya popo. Mdomo wa tangi ufungwe wavu wa mbu. Bomba la kuingiza lichomolewe, na maji ya mvua ya kwanza yote yaende kwenye mashimo ya shamba, kwa sababu yamebeba vumbi la miezi 6. Baada ya hapo unganisha. Maji ya kunywa kutoka tangini yatiwe kidonge 1 cha WaterGuard kwa lita 20, yasubiri dakika 30, yakae kwenye ndoo yenye koki. Kikombe cha kuchovya ni marufuku.

Mvua ikinyesha kwa mara ya kwanza, kesho yake darasani kutakuwa na watoto wachache. Nusu wako shambani wanapanda na nusu wanaokota kumbikumbi. Usipige simu kwa mtendaji. Fundisha waliopo marudio, na mada mpya iwekwe siku ya tatu. Mawe na matofali yaliyo karibu na madarasa yasisogezwe na watoto wiki hiyo, nge wanatoka. Masomo ya chini ya mti yasitishwe mara wingu linapojenga, hata kama ngurumo iko mbali.

Shule ikifungwa mwanzoni mwa Desemba, tangi huwa limeanza kujaa na hakuna mtu. Funga koki kwa kufuli, acha ufunguo mmoja kwa mlinzi na mwingine kwa mwenyekiti wa kamati, na andika kwenye daftari la maji kina kilichoachwa. Mapipa yageuzwe kichwa chini. Fimbo ya kupimia iingizwe stoo, la sivyo Januari utaikuta imekuwa kuni.